Kiungo Nilichokizika Ukutani

Jirani yangu hapa Kiboriloni amenunua spika zisizo na waya. Alinialika nikazisikilize, nikaenda. Nikakuta spika tano, na kila moja ina waya wake wa umeme unaotafuta soketi. Kwa kuwa sebule yake ina soketi mbili tu, amezungusha ekstensheni sakafuni mpaka mkewe anatembea kwa kuruka. Nikamuuliza, "Hizi ndizo zisizo na waya?" Akanijibu, "Mzee, hiyo ni teknolojia." Akawasha. Mhubiri kwenye televisheni akafunga mdomo, sauti yake ikaendelea kuhubiri peke yake, nasi tukaitikia amina kwa kuchelewa.

Ninyi vijana mnaofunga muziki majumbani, ndio ninaowaandikia. Naitwa Gaspari. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimepitisha nyaya za redio, spika na televisheni ndani ya kuta za watu, kuanzia Moshi mjini hadi huko juu Kirua Vunjo. Sikuwa fundi wa kujenga wala wa kupiga lipu. Kazi yangu ilikuwa moja: sauti isikike, waya usionekane. Kwa ufupi nililishwa na kuficha vitu, na nilikuwa hodari wa kuficha kuliko ilivyofaa. Uhodari huo ulimharibia jina mtu aitwaye Wilbadi, fundi lipu, ambaye hakunikosea lolote. Habari yake ndiyo iliyonikalisha kuandika, lakini tuanze na ujinga mwepesi kwanza, mnizoee.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kulwant, Singasinga aliyekuwa na duka la redio na vifaa vya umeme mjini. Alikuwa mtu mrefu, kilemba kimenyooka saa zote, na hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Alikuwa na kitu kibaya kuliko kugomba, nacho ni maswali. Wiki yangu ya tatu alinipeleka kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, nyumba ya zamani yenye kuta nene kama mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilitakiwa nitoboe tundu moja tu, waya utoke sebuleni uingie chumba cha kulia. Nikatoboa kwa nguvu zote za ujana. Maji yakaruka, nikajua nimelipata bomba la bafuni. Mzee Kulwant alisimama mlangoni akatazama zulia linavyolowa, kisha akaniuliza kwa upole, "Gaspari, hii redio yako inatumia umeme au maji?" Mama mwenye nyumba alikuwa karibu kulia, akajikuta anacheka. Mimi nilikausha maji kwa magunia mpaka jioni.

Kesho yake akanifundisha kusoma ukuta. Kabla hujashika nyundo, alisema, nenda upande wa pili ukaangalie kuna nini. Palipo na bomba, chora mstari kwenda juu na kwenda chini, usiuguse. Palipo na swichi, fanya vivyo hivyo. Waya wa spika usilale kitanda kimoja na waya wa umeme, maana utasikia mvumo kama mzinga wa nyuki hata muziki ukiwa umezimwa. Wakikutana ni lazima wapishane kama njia panda, kisha kila mmoja aende zake. Alinifundisha pia kufunga mafundo kwenye ncha za nyaya badala ya kuandika kwa kalamu. Fundo moja ni spika ya mbele kushoto, mawili ya mbele kulia, na kuendelea. Darini hakuna mwanga, wino unafutika, lakini fundo hata kipofu atalisoma.

Na kabla ya lipu, alisema, chukua betri ya tochi, gusisha ncha mbili za waya huku spika ikiwa upande wa pili. Spika ikilia tap, waya mzima. Ngozi ya spika ikisukumwa nje, umeunga sawasawa. Ikivutwa ndani, umegeuza, na besi yako itakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Siku hizi nawaona mnapima kwa simu. Simu inawaambia kila kitu kiko sawa, na mnaiamini.

Lakini sheria alizozirudia mpaka nikaziota zilikuwa mbili. Ya kwanza: waya usiingie ukutani bila paipu. "Waya ni kama binadamu," aliniambia. "Atazeeka, ataugua, siku moja utataka kumtoa. Ukimjengea hapo hapo, utamtoa kwa nyundo." Ya pili: usiunge waya ndani ya ukuta. Ukilazimika kuunga, kiungo kikae ndani ya boksi lenye kifuniko, mahali mkono unapofika. Nilizishika sheria hizo mbili kwa miaka mingi sana, kisha nikazivunja zote mbili kwa mkono mmoja, siku moja, kwa sababu ya kochi.

Nisije nikasahau wateja. Vijana, mtaona mengi. Nilimfungia mzee mmoja wa mjini spika tano kwa utaratibu, mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma ya kochi. Niliporudi baada ya mwezi, zote tano zimepangwa juu ya kabati chini ya televisheni kama wanafunzi kwenye picha ya shule. Nikamuuliza kulikoni. Akasema zile za nyuma wageni walikuwa hawazioni, sasa kuna faida gani ya kununua. Mama mwingine aliifunika sabufa kwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki, juu ya maua picha ya komunio ya kwanza ya binti yake. Halafu akanipigia simu kwamba besi haitoki vizuri, tena kila ikitoka picha inaanguka. Kuna waliokataa kuondoa plastiki ya kiwandani kwenye spika, mpaka leo wanasikiliza muziki kupitia mfuko.

Na kupima. Msipime waya kwa hatua za miguu. Chukueni uzi, mpitishe kila waya utakapopita, mpande nao ukutani, mshuke nao, mzunguke kona, kisha muongeze mita mbili. Mita ya kwanza ni ya makosa yenu. Ya pili ni ya mama mwenye nyumba, maana siku ya mwisho lazima atahamisha kochi. Na katika kila paipu muache uzi mtupu ndani, hata kama hauna kazi. Paipu ikikataa kupitisha uzi, fungeni kipande cha sponji kwenye ncha, mwombeni mama ile mashine ya kufyonza vumbi, aiweke upande wa pili aiwashe. Sponji itakuja inakimbia. Nimewahi kushangiliwa kwa hilo kuliko kwa muziki wenyewe.

Sasa nije kwa Wilbadi.

Mnajua desturi yetu. Mchaga anaweza kuishi Dar, Mwanza au Songea, akawa na nyumba nzuri huko, lakini nyumba yake hasa ni ile aliyojenga kwenye kihamba cha baba yake, mlimani, katikati ya migomba. Nyumba hiyo ina vyumba saba na hulalwa wiki mbili kwa mwaka. Desemba ikifika, magari yanapanda mlima yamejaa mchele na watoto wasiojua Kichaga. Mageti yanafunguliwa, mbuzi mzima wa ndafu anachomwa, pombe ya mbege inamiminwa, na kila mwenye nyumba anamtazama jirani yake kwa jicho la pembeni aone mwaka huu ameongeza nini. Januari nyumba inafungwa, panya wanapewa funguo. Nimekula mkate wangu mwingi kwenye nyumba hizo, kwa hiyo nisizicheke sana, ila ukweli ni kwamba nimefunga sinema za nyumbani ambazo zimetazamwa na popo kuliko watu.

Moja ya nyumba hizo ilikuwa ya Deogratias, Deo, wa Kirua Vunjo, aliyekuwa akifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar. Aliijenga karibu na nyumba ndogo ya mama yake, Bibi Anasia, ambaye ndiye aliyeshika funguo mwaka mzima. Deo aliniita niweke muziki wa spika saba. Waya aliununua mwenyewe kule mpakani Holili, kwa mtu aliyemhakikishia kuwa ni shaba tupu. Nilikwangua ncha kwa kisu, nikaona ndani ni aluminiamu, shaba imepakwa tu nje kama rangi ya mdomo. Aluminiamu ikigusana na saruji mbichi huliwa polepole. Nilipaswa kumwambia. Lakini Deo alikuwa mtu wa kusema "mimi najua" kabla hujamaliza kusema, nami nikaona nisimharibie sikukuu.

Lipu ya ndani ilipigwa na Wilbadi. Huyu alikuwa rika langu, mzaliwa wa kijiji cha jirani, mwembamba, mpole, na lipu yake ilikuwa imenyooka hivi kwamba ukiegemeza rula hupati mahali pa kupitisha unywele. Mlima mzima ulimjua. Hakuwa na shamba la maana wala duka. Alikuwa na mwiko na jina, na jina ndilo lililokuwa likimwita kazini, kwa sababu watu wa Desemba hukutana kwenye sherehe, mmoja akasifu ukuta wa mwenzake, na kabla nyama haijaisha Wilbadi ana kazi ya mwaka mzima.

Zikabaki siku tatu kufika Krismasi. Nyaya zote zilikuwa kwenye paipu, mafundo yamefungwa, betri imelia tap mara saba. Mke wa Deo akaingia, akatazama sebule, akasema kochi halitakaa pale, litakaa ukuta wa pili. Spika za nyuma zikawa hazina nyuma. Ikabidi nitindue mfereji mpya ukutani. Paipu zilikuwa zimeisha, na waya nilioupima kwa hatua, kwa sababu nilikuwa na haraka, ukapungua kama mita moja na nusu. Wilbadi alikuwa amekwisha kukoroga lipu, inakauka kwenye karai. Nikageuza mgongo, nikaunga waya kwa kusokota, nikafunga tepu nyeusi, nikausukumiza kwenye mfereji ukiwa uchi.

Wilbadi alikuja na mwiko wake, akainama akatazama. Kile kiungo hakukiona, nilikwisha kukisokomeza kwenye kona. Lakini aliona kingine.

"Gaspari, hapa hakuna paipu?"

"Wewe piga lipu, baba. Wa waya ni mimi."

"Mimi nauliza tu. Nikishapiga, nimepiga."

"Piga."

Akapiga. Ukuta ukawa kama kioo. Krismasi ile spika zote saba zililia, Deo akacheza hadi akachubuka kisigino, mimi nikapewa mguu mzima wa mbuzi wa kupeleka nyumbani.

Mwaka wa pili ndio ulioniumbua. Deo alimwoza binti yake Dar, na ndugu wengi wa huku juu hawakwenda. Siku ya pili ya Krismasi akawaita wote waje kutazama video ya harusi, nami nikaalikwa niwepo, fundi wa heshima, shati jeupe. Sebule ilijaa mpaka madirishani. Bi harusi akasimama mbele ya padri, akafungua mdomo kuapa, spika ya nyuma ikatatarika kama mahindi kikaangoni, kisha amplifaya ikajizima. Tukamwona bi harusi anaapa bila sauti. Deo akawasha tena, ikajizima tena. Mama wa bwana harusi, aliyekuwa mgeni, akauliza kama walioana kwa ishara.

Nilijua ni waya gani. Nilijua hata kona. Nikachomoa jozi ile nyuma ya amplifaya, spika zilizobaki zikalia vizuri. Hapo ningeweza kusema tutaliangalia baadaye. Lakini Deo alisimama katikati ya ukoo wake, ameaibika, akaniuliza kwa sauti ya kusikika nje, "Fundi, vipi tena? Ni kazi yako hii?"

Nikasema, "Kazi yangu ilikuwa nzima. Fundi lipu alikata waya kwa mwiko."

Ni hayo tu. Wala sikumtaja jina, lakini nani hakujua aliyepiga ile lipu? Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilikuwa mbaazi mwenye shati jeupe. Watu wakatikisa vichwa, wakasema aa, kumbe, mafundi hawa, tukaendelea na harusi. Wilbadi hakuwepo. Alikuwa kwake na watoto wake, anakula sikukuu, hajui kwamba kazi zake zimekwisha.

Hapo sebuleni kulikuwa na kaka wawili wa Deo waliokuwa wameinua nyumba na kufikia lenta, na binamu mmoja aliyekuwa anamalizia ya kwake. Wote walikuwa wamekwisha kumwahidi Wilbadi. Januari wakarudi walikotoka, na lipu ya nyumba zao tatu ikapigwa na mafundi kutoka mjini. Wengine wakaambiana kwenye simu. Kufikia Pasaka, yule mtu niliyemzoea kumwona juu ya jukwaa la miti nilimwona akibeba majani ya ng'ombe kwa watu.

Akashuka Kiboriloni kunitafuta. Aliingia kwangu, akakataa kiti.

"Gaspari, huo waya uliokatwa uliuona kwa macho?"

"Niliona dalili."

"Dalili gani?"

"Mambo ya ufundi wa waya, Wilbadi. Ni marefu."

"Mwiko wangu haukati hata ndizi mbivu," akasema. "Na nilikuuliza paipu." Kisha akatoka. Vijana, nilikuwa na nafasi pale, mtu mmoja tu mbele yangu, mlango umefungwa, na sikuitumia. Niliona aibu. Sasa naona aibu ya ile aibu.

Mwezi wa saba Deo akapiga simu kutoka Dar. Alitaka televisheni kubwa zaidi, kwa hiyo ukuta ule ufunguliwe, nyaya zibadilishwe zote kabla ya Desemba. Nikapanda. Bibi Anasia akanifungulia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akavuta kigoda akakaa karibu na ukuta wenyewe, funguo mapajani. Nikamwambia, "Bibi, kutakuwa na vumbi." Akasema, "Vumbi la mwanangu, nalijua."

Nikaanza kutindua. Lipu ya Wilbadi haikutaka kuachia, ilikuwa ngumu na safi, imejaza mfereji wangu mpaka chini bila tundu. Waya ulikuwa umelala mzima kutoka mwanzo mpaka kwenye kona, hakuna alama hata moja ya mwiko. Na kwenye kona, pale pale nilipojua patakuwa, ikatokea tepu nyeusi. Niliigusa ikafunguka yenyewe. Ndani, waya ulikuwa umegeuka unga mweupe, na ncha zake zimegusana.

Nilijaribu kuifunika kwa kiganja. Bibi Anasia alikuwa mzee, si kipofu. Redio yake ya kusikilizia misa ilishikiliwa kwa tepu kama ile kila upande.

"Hiyo nyeusi ni nini, Gaspari?"

"Ni tepu, Bibi."

"Ya Wilbadi?"

Nikajifanya napangusa vumbi ukutani.

"Nauliza, maana mimi ni mzee, mambo yamebadilika. Siku hizi mafundi lipu wanatembea na tepu?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeumbuliwa na bibi kwenye kigoda. Nikamwambia yote, waya wa Holili, kochi, paipu, mita moja na nusu. Nilipomaliza akainuka, akatoka nje akiwa na kisu chake cha kukatia majani ya ng'ombe. Nilimwona kupitia dirisha akienda kwenye mpaka wa kihamba, penye safu ya masale. Akakata jani moja, akarudi, akanipa.

"Kwa Wilbadi unapajua," akasema. "Ukuta utakusubiri."

Kwa ninyi mliozaliwa lami imekwisha kufika: sale ni ule mmea wa majani marefu tunaopandia mipaka, na mtu akikuletea jani lake kuomba msamaha, huruhusiwi kumkatalia. Hata kama alichoma nyumba yako. Ndiyo maana halipelekwi kwa mchezo. Nilitembea nalo kama nusu saa, nikapishana na watu, kila aliyeliona alinyamaza na kunipisha njia. Afadhali wangeniuliza.

Wilbadi alikuwa uani akinoa panga. Nikasimama mbele yake nikamkabidhi jani kwa mikono miwili, nikamwambia kiungo kilikuwa changu na uongo ulikuwa wangu. Akaweka panga chini. Mkewe alikuwa amesimama jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Hatimaye akalipokea.

"Nimelipokea," akasema, "kwa sababu baba yangu angefufuka ningelikataa. Yameisha. Lakini Gaspari, mimi ulinisema Krismasi, mbele ya watu. Sasa unaniomba msamaha mwezi wa saba, mbele ya kuku."

"Nitawaambia wote, kaka. Desemba, hapo hapo sebuleni."

"Nitakuja kusikiliza," akasema, akarudi kunoa panga lake.

Miezi mitano ni mirefu kwa mtu anayesubiri kujivua nguo. Nilizibadilisha nyaya zote, nikaziweka kwenye paipu, nikamwomba Wilbadi azibe ukuta, akaziba. Usiku nilipanga maneno. Niliogopa Deo atanifukuza, watu watanizomea, nitapoteza wateja wa mlima mzima. Siku ikafika. Ndafu ilikuwa mezani, majani mdomoni, televisheni mpya kubwa kama mlango wa kanisa. Wilbadi alikuja kama alivyosema, amevaa koti lake la Jumapili, akasimama karibu na mlango.

Nikaomba kusema. Nikasema yote, polepole, kwa sauti. Nikaeleza kiungo, tepu, aluminiamu. Nikasema mwiko wa Wilbadi haukugusa kitu. Niliongea kama dakika kumi. Nilipomaliza nikasubiri kuzomewa.

Kaka mmoja wa Deo akauliza, "Wilbadi yupi?"

Mwingine akasema, "Si tulisema ni panya?"

"Kwani ilizimika lini?" akauliza binamu. "Mbona inawaka?"

Deo akanishika bega, rimoti mkononi. "Fundi, mambo ya mwaka jana hayo. Kaa, kula nyama." Akaongeza sauti. Nikabaki nimesimama na ukweli wangu, hauna mnunuzi. Bibi Anasia peke yake ndiye aliyekuwa ananitazama, halafu akatazama mlangoni.

Nikamfuata Wilbadi nje. Alikuwa amekwisha kufika getini.

"Umeona?" akasema. "Hata kosa langu hawalikumbuki. Wanachokumbuka ni kutoniita."

Akafungua geti akaenda zake. Uongo wangu ulikuwa sentensi moja na uliingia masikioni mwao wote. Ukweli wangu uliongea dakika kumi na haukuingia hata sikio moja. Nilikuwa fundi wa sauti, na hilo nililijua siku ile nikiwa na mvi.

Kwa hiyo nikaamua kufanya kazi hiyo kama nilivyofunzwa kufanya nyingine, nyumba kwa nyumba. Kuanzia Januari ile, kila mteja aliyeniita, kabla sijafungua sanduku la vifaa, nilimwambia: lipu atapiga Wilbadi, na sababu ni hii. Kisha nasimulia. Wengine walicheka. Wengi walipigiana simu nikiwa bado nashuka ngazi. Mama mmoja hapa Kiboriloni alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, fundi anayeanza kwa kunihesabia makosa yake, nyaya zake sitaweza kulala nazo nyumba moja. Ila nipe namba ya huyo mwenzako." Nikampa. Wakawa wengi wa namna hiyo. Mwaka hadi mwaka simu zangu zikapungua, na Wilbadi akarudi juu ya jukwaa lake la miti.

Mkisikia nimestaafu kwa sababu ya magoti, ni mimi mwenyewe niliyewaambia watu hivyo. Magoti yangu ni mazima. Huwa nakutana na Wilbadi barabarani, yeye anapanda kazini na mimi nakwenda sokoni. Ananisalimia kila mara, habari za asubuhi, kwa kuwa sale alilipokea na yeye ni mtu wa kushika neno lake. Naitikia, kisha nangoja kidogo. Ni miaka sasa, na bado hajaniuliza habari za nyumbani.